Nimesagwa na Laptopu

Jamani, nimesagwa. Bora ingekuwa gari, angalau ningepata wa kumdai. Nimesagwa na laptopu.

Nyumba tuliyopanga, chumba cha pili anakaa dogo mmoja, prodyuza. Kodi kwa mbinde, lakini hedifoni alizonazo! Majuzi kanigongea. "Braza, naomba sauti yako kidogo." We! Nikaoga. Nikavaa shati la harusini. Nikanywa chai ya tangawizi. Nikajua nimetoka kimaisha. Nafika, nashika maiki, nakohoa kidogo kusafisha koo ili nianze kuimba. Dogo akaniambia, "Poa braza, inatosha."

Kikohozi. Alichotaka ni kikohozi tu.

Nikamuuliza cha kazi gani. Hapo nikafunguliwa shule. Eti sauti inakatwakatwa vipande, anaviita greini, kila kimoja kati ya milisekunde 1 na 100 hivi. Milisekunde! Mimi mshahara wangu unahesabiwa kwa mwezi na bado wanakosea. Halafu greini zinamwagwa upya, nyingine mbele, nyingine nyuma, nyingine juu ya nyingine, mamia kwa sekunde, mpaka sikio lishindwe kukamata kipande kimoja kimoja, lisikie wingu zima. Na kila greini inaingia taratibu na kutoka taratibu, la sivyo spika zinakutwanga tak-tak-tak. Nikaitikia kwa kichwa. Akili yangu ilikuwa kwenye maharage niliyoyaacha jikoni.

Nikadhani ni utundu wa vijana. Wapi! Wazee ndo waanzilishi. Kuna Dennis Gabor, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Uingereza. Miaka ya 40 huko kashasema sauti yoyote unaweza kuichambua ikawa punje punje. Mwaka 1971 akapewa Nobeli, tena kwa holografia, mambo mengine kabisa! Yaani mtu ana akili za akiba. Mimi hata za matumizi ya kila siku naungaunga.

Akaja Iannis Xenakis, Mgiriki aliyekimbilia Ufaransa. Huyu ndo kaniumiza. Mwaka 1958, maonyesho ya dunia Brussels, watu wanaingia banda la Philips wanapokewa na mlio wa mkaa unaoungua. Tepu imekatwa vipande vifupi vifupi, ikaungwa upya. Mkaa, ndugu yangu! Kwangu mkaa unalia kila jioni na hakuna aliyewahi kuja kusikiliza, zaidi ya jirani anayelalamikia moshi. Mwaka 1974 Curtis Roads kule Marekani akaihamishia mbinu hiyo kwenye kompyuta. 1986 Barry Truax, huyo wa Kanada, akaifanya ilie papo kwa papo, hamna kusubiri. Yote hayo nayasikiliza nimesimama. Kiti kimoja tu mle ndani, na kimekaliwa na kinanda.

Dogo akabonyeza. Kikohozi changu, kitu cha nusu sekunde, kikavutwa dakika nzima. Na hakikuwa kizito kama redio iliyoishiwa betri. Anasema laptopu inatembea polepole ndani ya kikohozi, lakini kila greini inalia kwa spidi yake ileile, ndo maana sauti haishuki. Mimi nilichosikia ni malaika. Kwaya nzima, imetoka kwenye kohozi langu.

Mama mwenye nyumba akachungulia mlangoni. "Mwanangu, hiyo kwaya ya wapi? Tamu kweli."

"Ni mimi, mama!"

Akaniangalia kuanzia kandambili mpaka shati la harusini. Huyu ndiye aliyenipiga marufuku kuimba bafuni. Hakunijibu. Akaingia, akashusha kinanda kwenye kiti, akakaa. Kumbe kilikuwa kinashushika.

Nikamvuta dogo pembeni, nikadai changu. Akatoa simu, akafungua kikokotoo. Eti kipande anachokitumia hasa hakizidi milisekunde 80. Akipiga kwa bei ya studio kwa saa, pesa inayotoka, benki kuu haijaichongea sarafu. Nikamwambia, dogo, lakini si kinajirudia mara maelfu? Akasema kurudia ni kazi ya laptopu, na laptopu ni ya kwake. Hapo damu ikachemka. Nikapandisha sauti, nikasema kohozi ni langu, mapafu ni yangu, na hata tangawizi nilinunua mwenyewe.

"We baba," akasema mama mwenye nyumba, macho kayafumba, "hebu punguza kelele. Watu tunasikiliza."