Jinsi ya Kuoka Bila Gluteni Ukiwa Ubwari, na Ukiwa Ohio

Mwongozo huu unawahusu watu wa aina mbili. Wa kwanza ni ndugu zetu waliotoka Fizi, Baraka na vijiji vya rasi ya Ubwari, kwenye Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, wakapitia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, Tanzania, kisha wakapandishwa ndege kwenda Dayton ya Ohio, Houston, Boise au Louisville. Wa pili ni sisi tuliobaki na wale waliorudi, tunaokula bugali wa muhogo kwa ndagala na sombe, na tunaojipinda kununua mkate wa ngano kila tunapotaka kumheshimu mgeni.

Tuanze na wa Ohio. Ingia katika duka lolote kubwa, Kroger au Walmart, utafute sehemu ya unga na vifaa vya kuokea. Usiende kwenye duka la Waafrika, leo hatuna haja nalo. Utaona pakiti nzuri, zina picha ya keki, zimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hazina gluteni. Chukua moja. Picha ya mbele iache, geuza nyuma usome viambato. Kwenye unga mmoja maarufu wa Bob's Red Mill utakuta unga wa mchele, wanga wa viazi, unga wa mtama, wanga wa muhogo, na gundi inayoitwa zanthani. Soma tena polepole. Mtama upo. Muhogo upo. Ukiangalia rafu hiyo hiyo kwa makini unaweza kukuta pakiti nyingine ya unga wa muhogo mtupu, haujachanganywa na kitu, na kwa kawaida bei yake ni zaidi ya mara mbili ya unga wa ngano ulio jirani yake. Hapo unaruhusiwa kucheka kwa sauti. Wateja wakikutazama, waambie kwamba bibi yako alikulea kwa kitu hicho, na hakuwahi kukitoza dola hata moja.

Unga usio na gluteni haukufika rafu za watu wa kawaida zamani sana. Kwa miaka mingi mgonjwa aliyekatazwa ngano aliutafuta katika maduka madogo ya vyakula vya afya, au aliuagiza kwa posta. Mwaka 2009 kampuni ya General Mills ilitoa michanganyiko ya keki na biskuti isiyo na gluteni kwa jina la Betty Crocker, jina ambalo kila jiko la Marekani linalijua, na wenzake wakafuata mbio. Mwaka 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaweka kipimo: chakula kikiandikwa kwamba hakina gluteni, sharti kiwe na chini ya miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo. Tangu hapo mama mwenye mtoto mgonjwa ananunua unga wake palepale anaponunua sabuni. Ni jambo jema kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Maana hatua ya pili ya mwongozo ni kuacha kucheka. Gluteni ni protini ya ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike na mkate uumuke. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa seliaki, protini hiyo huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe, chakula kikapita bila kumfaa, mtoto akavimba tumbo na kukonda mikono. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa ameanza kuishuku ngano kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Njaa kuu ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 ilipoondoa mkate mezani, wagonjwa wake walipata nafuu, na mkate uliporudi wakaumwa tena. Mpaka leo tiba ni hiyo moja: kuacha gluteni maisha yote.

Usiseme huo ni ugonjwa wa Wazungu. Karibu mtu mmoja kati ya mia duniani anao, na kiwango kikubwa kuliko vyote kilichowahi kuandikwa kilipatikana Afrika, kwa watoto wa Wasahrawi wanaoishi ukimbizini Algeria: asilimia 5.6, kwa mujibu wa utafiti uliotolewa mwaka 1999. Watu wa jangwani wanaolishwa ngano. Sisi wa Fizi tunajua maana ya kula kinachopatikana kambini, kwa hiyo tuwahurumie kama ndugu. Na kama wewe mwenyewe tumbo linakusumbua kila ukila mkate, nenda ukapimwe kwanza kabla hujaacha ngano, kwa sababu kipimo cha damu huhitaji uwe bado unaila. Ukiacha kabla, majibu yanaweza kudanganya.

Sasa turudi Ubwari, mahali ambapo Burton na Speke walipita mwaka 1858 wakadhani ni kisiwa, ilhali ni rasi iliyoshikamana na nchi kavu. Hapa ndipo pa kuokea.

Kwanza, pata unga. Unaoujua wewe ni ule wa bugali: muhogo uliolowekwa siku tatu au zaidi mpaka ukalainika, ukaanikwa juani, ukasagwa. Una harufu yake na uchachu wake, na kwa bugali hauna mpinzani. Kwa keki, uchachu ule utakushinda. Tumia muhogo mtamu uliong'olewa leo. Uumenye, uuoshe, uukune, uukamue maji kwa kuufunga kwenye kitambaa safi na kuubana chini ya jiwe, kisha uutawanye mwembamba juu ya turubai ukauke haraka. Fanya yote siku hiyo hiyo. Usage, uuchekeche kwa chekecheo laini. Utapata unga mweupe usio na harufu, na ndio huo huo unaouzwa Ohio.

Hapa sitanii hata kidogo. Muhogo mchungu una sumu ya sayanaidi, na njaa au haraka ikimfanya mtu aurukie kabla haujalowekwa vya kutosha, miguu ya watoto hupooza na hairudi. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Uliandikwa na daktari Trolli mwaka 1938 kule Kwango, na umeripotiwa hata katika mkoa wetu, Burhinyi, upande wa Mwenga, wakati wa misukosuko ya vita. Kwa hiyo muhogo mchungu usiupeleke kwenye njia ya mkato ya kukuna na kukamua. Uloweke siku zake zote. Na kama umenunua unga sokoni hujui ulitengenezwaje, kuna njia rahisi iliyobuniwa na mtafiti Howard Bradbury wa Australia na kutumiwa na akina mama wa Kahemba, huko huko Kwango: changanya unga na maji, utandaze kwenye ungo uwe tabaka jembamba, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, ndipo upike. Sumu iliyobaki huondoka na hewa. Unga uliolowana hivyo upikie bugali siku hiyo hiyo.

Pili, pata gundi. Huu ndio ufundi wenyewe, kwani unga usio na gluteni hushindwa kushikamana, na keki yake hubomoka kama mchanga wa ufukweni. Viwanda hutia zanthani. Wewe una mwiko. Pima vikombe viwili vya unga wako, uchote humo robo kikombe, uukoroge katika robo tatu ya kikombe cha maji baridi, uweke juu ya mbabula. Koroga bila kuacha. Mwanzoni ni maji meupe tu. Kisha chini ya mwiko panaanza kuwa pazito, ute unavutika, rangi inageuka kutoka weupe wa chokaa na kuwa ya kung'aa, karibu uone upande wa pili. Kila mwanamke wa Baraka anaijua dakika hiyo, mkono wake huijua kabla ya jicho. Epua. Wanga wa muhogo ukipata joto na maji hushika, na ukishika hivyo unashikilia hewa ndani ya keki. Wabrazili huumwagia wanga wa muhogo maziwa au maji yanayochemka wanapotengeneza vimkate vyao vya jibini, na muhogo wenyewe ulitoka kwao, ukaletwa pwani ya magharibi ya Afrika na Wareno katika karne ya 16, ukatembea mpaka ziwani kwetu.

Uji wako mzito ukipoa, uponde pamoja na ndizi mbivu tatu zilizoanza kuwa na madoa meusi. Ongeza mayai matatu, robo kikombe ya mafuta, sukari kiasi unachopenda, chumvi kidogo, kisha unga uliobaki na vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda. Soma kopo la hiyo pauda, maana baadhi hutiwa wanga wa ngano. Mafuta ya mawese yanafaa na yanaipa keki rangi ya jua la jioni. Asiyependa ladha yake atumie mengine.

Oveni ni sufuria nzito iliyopakwa mafuta. Weka makaa machache chini, na mengi juu ya mfuniko. Wengi huharibu hapa kwa kuogopa kwamba juu hakutaiva, wakachochea chini, keki ikaungua kitako na kubaki mbichi tumboni. Ipe kama dakika 45, uchome kijiti, kikitoka kikavu epua. Halafu vumilia. Keki ya muhogo ikikatwa ya moto inanata kama bado haijaiva. Iache ipoe kabisa.

Ukianza kuiuza keki hiyo, mteja wa kwanza atauliza kwa nini haina unga wa ngano, kana kwamba umemnyima kitu. Mjibu bila kuona haya. Tumeuaibisha muhogo kwa muda mrefu mno. Mtu anamtembelea mgonjwa akiwa amebeba mkate wa ngano iliyovuka ziwa kwa boti kutoka Kigoma au iliyopita barabara ya Uvira, barabara ikifungwa mkate unapanda bei au unakosekana, na wakati wote huo muhogo uko nyuma ya nyumba. Kongo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa muhogo duniani. Ila muuzaji mkubwa wa wanga wa muhogo nje ya mipaka yake ni Thailand, na pakiti ile uliyoigeuza Ohio ina uwezekano mkubwa wa kuwa na muhogo wa Thailand kuliko wa Fizi. Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Ukitaka kuuza unga wako kwa jina la "bila gluteni", lichukue jina hilo kwa uzito. Kwa mgonjwa wa seliaki chembe za ngano zinatosha kumlaza. Ukipima muhogo kwa kopo lililotoka kupima ngano, ukichekecha kwa chekecheo hilo hilo, ukikaanga mandazi ya muhogo katika mafuta yaliyokaanga ya ngano, umemdanganya. Mwenye mashine ya kusaga mwombe akusagie wewe wa kwanza asubuhi, baada ya kuisafisha, na mfuko wako ufunge hapo hapo. Ikiwa huwezi kutimiza hayo, andika tu "unga wa muhogo", jina zuri la kweli. Wanaotaka kujifunza zaidi wajue kwamba taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA ina kituo Kalambo, karibu na Bukavu, na muhogo ni kazi yake ya miaka mingi. Vikundi vya akina mama vya Baraka na Mboko vina haki ya kubisha hodi pale.

Na neno moja kwa wenye watoto wadogo: muhogo hauna protini ya kutosha. Keki ya muhogo bila ndagala, maharage au yai pembeni itashibisha tumbo na kumwacha mtoto dhaifu. Pakiti za Marekani zina kasoro hiyo hiyo, nyingi ni wanga mtupu wenye picha nzuri. Kuondoa gluteni hakufanyi chakula kiwe bora kwa mtu asiyeumwa, na asiyeumwa hana sababu ya kuikimbia ngano.

Basi, mama unayekaanga mandazi pale sokoni Baraka, tenga sufuria moja na chekecheo moja kwa ajili ya muhogo peke yake, na uanze na keki ya ndizi wiki hii. Na wewe ndugu wa Dayton, yaya wa Louisville, mtafute jirani ambaye mtoto wake amekatazwa ngano, umfundishe kukoroga ule uji juu ya jiko mpaka ung'ae. Hatahitaji tena kununua zanthani.