Nusu Bei kwa Mwenyewe

Mwaka 1999, mwaka uleule ambao Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki, huko Marekani Shawn Fanning na mwenziwe walizindua Napster, programu ya watu kupeana nyimbo bure mtandaoni, nasi watunzi wa taarabu, bila ya kuwa na habari, tukaruzukiwa kwa mpigo mmoja mlinzi na mwizi, ila mwizi ndiye aliyejaaliwa mbio. Juzi hapa Tanga, kijana wa kibandani, ambaye kazi yake ni kuwaingizia wateja nyimbo katika kadi za simu, aliponitambua alinikirimu kiti, akaapa wallahi kuwa utunzi wangu hauna mithili, kisha, kwa hishima ya mwenye mali, akaniuzia nyimbo zangu mwenyewe kwa nusu bei. Nililipa. Risiti hakunipa.