Namna ya Kupanda Mlima Huko Karagwe Bila Kuitiwa Mwenyekiti

Kuchagua mlima ndiyo kazi nyepesi. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, mahali ambapo si mlima ni bonde, na bonde lenyewe limewekwa pale ili kukutenganisha na mlima unaofuata. Safu zimejipanga moja nyuma ya nyingine mpaka Mto Kagera, na ukivuka hapo ni Rwanda. Wanajiolojia walizipenda kiasi kwamba mfumo mzima wa miamba ya ukanda huu, unaofika hadi Uganda, Rwanda na Burundi, wameuita Karagwe-Ankole. Kwa hiyo mgeni anayeshuka kwenye basi Omurushaka na kuuliza mlima uko wapi ni kama yule anayesimama Feri pale Dar es Salaam akaulizia bahari.

Kazi ni kuufikia. Walioandika miongozo ya matembezi kwa miji ya jangwani, kama Tucson huko Arizona, walipata mteremko: milima yao iko uchi, unaiona toka dirishani, kuna kibao na sehemu ya kuegesha gari, na onyo lao kubwa ni kubeba maji. Huku mlima umevaa. Kuanzia magotini kushuka chini ni migomba na mibuni, na ukishaingia kwenye kibanja huoni hatua kumi mbele. Tena kila njia ya humo inaishia jikoni kwa mtu. Hutakuta njia ya kwenda mlimani. Utakuta njia ya kwa Mama Fulani, na baada ya Mama Fulani njia ya kwa shemeji yake.

Hapo kwa Mama Fulani usipite kimya kama mwizi. Toa shikamoo, itikia ya watoto, ulizia hali ya nyumbani hata kama nyumba yenyewe huijui. Utawekewa kiti. Kiti kikishatoka ndani, safari ya saa mbili asubuhi imekuwa ya saa nne, wala usijaribu kubishana nacho. Huenda ikaletwa kahawa ya kutafuna: buni zilizochemshwa na maganda yake zikakaushwa. Chukua mbili tatu, tia mdomoni, tafuna taratibu huku ukijibu maswali kuhusu ukoo wako. Ni chungu kidogo, inaamsha, na ukiwa nayo shavuni unaanza kufanana na mtu mwenye akili zake.

Sasa uliza njia, lakini usiulize "mahali pazuri pa kutembea". Utaelekezwa barabara ya lami. Uliza ng'ombe wanachungwa wapi, au watu wanakata wapi nyasi za kutandaza shambani. Mgongo wa safu una mawe mengi na udongo wake haba, mgomba haustawi huko, kwa hiyo kumeachiwa nyasi na mifugo. Njia ya ng'ombe ndiyo itakayokufikisha kileleni, ingawa ng'ombe hana haraka na hupitia kila penye majani. Jibu utakalopewa ni "hapo tu". Usilisikilize, liangalie. "Hapo tu" ya kidevu ni nusu saa. "Hapo tu" ya mkono ulionyooshwa ni saa moja na jasho. Akisema "huuuko" huku sauti ikipanda, omba maji ya kunywa kwanza.

Ukikosa mtu wa kuuliza, fuata ndoo. Ndoo tupu inashuka bondeni kwenye maji, ndoo iliyojaa inapanda kurudi nyumbani. Fuata iliyojaa. Iko kichwani kwa binti wa darasa la sita, ina lita ishirini, imefunikwa jani la mgomba ili maji yasirukeruke, na kabla ya kona ya pili itakuwa imekuacha. Wewe una viatu vya mlimani vya laki tatu. Yeye ana kandambili, moja imeshonwa kwa waya.

Tukishamaliza la njia linakuja zito zaidi, la sababu. Wilaya hizi zimejaa watu wanaopanda milima kila siku kwa sababu zinazoeleweka: kuni, maji, shule, ng'ombe aliyepotea. Anayepanda bila hata moja ya hizo lazima ana ya kwake anayoificha, na majirani wataitafuta kwa niaba yako. Upande wa Kyerwa utahesabiwa kuwa mtu wa bati, maana madini hayo yamechimbwa huko tangu enzi za mkoloni na hadi leo wachimbaji wadogo wanayo riziki yao humo. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu, kuna atakayekwenda jioni kuangalia umeinamia jiwe gani. Ukipiga picha, unanunua ardhi. Ukinyanyua simu juu kutafuta mtandao, umeletwa kupima mnara, na utaombwa kazi ya ulinzi kabla mnara haujajengwa.

Halafu kuna mpaka. Ukiwa juu ya safu za magharibi unaona nchi ya pili kwa macho makavu, na huku mtu asiyejulikana anayeitazama nchi ya pili huulizwa kitambulisho. Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyowasaka wahamiaji wasio na vibali Kagera, Kigoma na Geita, bado iko vichwani mwa watu. Beba kadi ya NIDA. Usiseme imebaki hotelini.

Njia ya kistaarabu ni kuanzia ofisi ya kijiji. Mtendaji atakusogezea kitabu cha wageni chenye mistari iliyochorwa kwa rula: tarehe, jina, anakotoka, madhumuni, sahihi. Kwenye madhumuni ndipo kalamu za wengi hukauka. Ukiandika "utafiti", utadaiwa kibali. Ukiandika "utalii", ataangalia nyuma yako gari liko wapi. Ukiandika ukweli, yaani "kupanda mlima na kushuka", atamwita mwenyekiti aje aone. Andika "kusalimia", neno ambalo hata wakaguzi huliandika, kisha msalimie.

Ukitaka kujipa moyo, hukuanza wewe. Novemba 1861 wapelelezi Speke na Grant walifika kwa Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, na walipoulizwa wanatafuta nini wakajibu chanzo cha Mto Nile. Rumanyika aliwakarimu vizuri, jambo linaloonyesha ustaarabu wake kuliko uzito wa jibu lao. Wakaliona ziwa dogo jirani na ikulu, nao wakaliita Little Windermere, kwa jina la ziwa la kwao Uingereza, kana kwamba watu walikuwa wakiteka maji pasipo na jina. Grant yeye aliota kidonda cha mguu akashindwa kutembea. Mwenzake alipoondoka kwenda Buganda Januari 1862, alimwacha Karagwe akiuguza mguu kwa miezi. Lengelenge la kisiginoni lishughulikie siku hiyohiyo.

Mwenye kutaka mlima wenye lango na risiti naye hakusahaulika. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Rumanyika na Ibanda yalipandishwa hadhi yakawa hifadhi za taifa, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Huko ingia langoni, lipa, fuatana na askari. Usijidanganye kwamba kile kinjia cha mbuzi ulichokisifia kijijini kitakuingiza kwa mlango wa nyuma bure. Askari anakijua kuliko wewe. Kyerwa kuna pia maji moto ya Mtagata, ambayo mpelelezi mwingine, Stanley, aliyatembelea mwaka 1876 akakuta wagonjwa wakiyaoga. Miguu iliyopanda safu mbili haihitaji kushawishiwa.

Majira: Juni hadi Agosti ni kavu, vumbi linaingia hadi kwenye meno, na nyasi za milimani huungua, kwa hiyo ukiona moshi juu ya mlima wako, ahirisha. Mvua zikianza, udongo mwekundu unageuka sabuni na bodaboda itakushusha chini ya mteremko ikuambie "malizia kidogo tu hapo". Novemba kuna senene, na usiku watu huwasha taa kuwakamata. Ndizo wiki chache ambazo mtu anaweza kuzurura huku na huku bila kuulizwa kitu, mradi abebe ndoo.

Ukishuka utaulizwa umeona nini huko juu. Usitaje mandhari wala hewa safi, hewa wanayo. Sema umeona ng'ombe wawili wako peke yao karibu na mawe, bila mchungaji. Papo hapo umekuwa mtu wa maana, umevutiwa kiti, na mtoto ametumwa akimbie kwa jirani. Ila uwe umeangalia vizuri, maana watataka kujua rangi, pembe, na yupi kati yao ana alama sikioni.