Mheshimiwa Karatasi ya Mahudhurio

Nimesikia watu wakiisifu kreta ya Ngorongoro, wakiusifu mlima Oldeani asubuhi ya Julai ukungu unapoanza kuuachia, wakavisifu na vitunguu vya Mang'ola mpaka machozi yakawatoka. Sijasikia hata mmoja akiisifu karatasi ya mahudhurio. Dhuluma hii imenikaa moyoni, maana ugali wangu unatoka humo. Nimefanya kazi miaka kadhaa katika mfuko mmoja unaotoa ruzuku kwa vikundi na watafiti. Cheo changu, afisa utawala na usaidizi wa utafiti, ni kirefu kuliko mshahara wake, na tafsiri yake ni mtu anayeibeba karatasi hiyo ikiwa tupu na kuirudisha ofisini Karatu ikiwa imejaa.

Itazameni kwanza. Namba, jina, jinsia, kijiji, simu, sahihi. Haina picha wala rangi, isipokuwa ile nyekundu ya vumbi letu. Lakini mgeni rasmi akichelewa, mkutano unaendelea. Mwezeshaji akikwama kwenye mteremko wa Eyasi, mtu mwingine atasimama aseme chochote. Karatasi ikisahaulika ofisini, basi hakuna kilichofanyika, hata kama watu sitini walikaa chini ya mgunga tangu saa tatu hadi saa tisa na kukubaliana mambo ambayo wazee wao walishindwa kukubaliana. Hakuna posho, hakuna nauli, na soda zilizokwisha kunywewa zitakatwa kwenye mshahara wa mtu. Huyo mtu ninamfahamu vizuri.

Tena ina usawa ambao sijauona kwingine. Diwani hupewa mstari mmoja, Mmasai mwenye ng'ombe mia mstari mmoja, mama wa Kiiraqw aliyeacha maharage jikoni mstari mmoja, na yote ina kimo kilekile. Asiyejua kuandika huchovya dole gumba kwenye kidau cha wino. Mhadzabe aliyekuja na upinde wake hufika kwenye safu ya simu, akasita, kisha akaandikiwa namba ya mwenye duka wa jirani. Ndiyo maana katika taarifa zetu kuna duka moja la Mang'ola ambalo limejengewa uwezo mara nyingi kuliko kikundi chochote wilayani.

Wasomaji wake nao ni makini. Mara moja nilipeleka marejesho ya masurufu ya mkutano uliofanyika Mang'ola, katika kijiji cha Barazani. Mhasibu aliyarudisha kwa kalamu nyekundu: niandike jina la kijiji, si mahali tulipokaa. Nikamweleza kwamba hilo ndilo jina. Akataka barua ya mtendaji yenye muhuri. Barua ikapatikana baada ya safari ya siku nzima, ikiwa na muhuri wa bluu ulioandikwa, kwa herufi kubwa, BARAZANI.

Wapo wanaodhani karatasi hii imeletwa na wafadhili juzijuzi. Hao hawajafika Laetoli, kule ndani ya Ngorongoro, upande wa Endulen. Takriban miaka milioni 3.6 iliyopita volkano ilimwaga majivu, mvua ikayalowesha, na viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi wakapita juu yake na kusaini kwa nyayo. Timu ya mtafiti Mary Leakey iliziona nyayo hizo mwaka 1978. Zile za wanyama zilikuwa zimekwisha kuonekana 1976, watafiti walipokuwa wakirushiana kinyesi kikavu cha tembo na mmoja wao akajikuta chini. (Nimejaribu mara nyingi kuwaza shughuli hiyo ingeandikwaje kwenye mpango kazi wa robo mwaka.)

Sasa angalieni hasara ya kusaini bila fomu. Jina hakuna. Jinsia hakuna. Kijiji tunakisia. Hata idadi ilileta ubishi: kwanza walihesabiwa wawili, baadaye ikaonekana huenda ni watatu, mmoja akiwa amekanyaga humohumo mwenzake alimokanyaga. Wataalamu wa mabaki ya kale waliumiza vichwa juu ya jambo hilo. Mkaguzi wa hesabu asingehitaji hata miwani. Sahihi juu ya sahihi anaijua.

Na anayedharau kazi ya kutunza mafaili asikie hili. Baada ya kazi, nyayo zilifukiwa kwa mchanga. Mchanga ule ulikuwa na mbegu za migunga. Mbegu zikaota, mizizi ikaanza kushuka kuelekea sahihi za kale kuliko zote duniani, na mwaka 1995 na 1996 ikabidi Idara ya Mambo ya Kale pamoja na taasisi ya Getty ya Marekani wafukue, waondoe mizizi, wafukie upya kwa uangalifu. Taarifa za kitaalamu zinawataja wenye shahada. Mimi sina shaka kwamba pembeni alikuwepo mtu mwenye daftari, akiwaandikisha wabeba mchanga.

Wenzangu wa pale Olduvai waliyajua mambo ya ufadhili mapema zaidi. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliliona peke yake fuvu la kale, mumewe Louis akiwa kambini anaumwa. Louis akaliita Zinjanthropus boisei: Zinj kwa jina la kale la pwani yetu, boisei kwa heshima ya Charles Boise, aliyekuwa akiwapa fedha. Jina la mfadhili likaingia kwenye fuvu, la aliyeliona halikuingia. Sisi leo tunaambiwa tu tuweke nembo juu ya bango, kona ya kulia.

Wenye wivu husema karatasi haijui kama mtu alisikia alichoambiwa. Ni kweli haijui, wala haijawahi kuuliza, na huo ndio uungwana wake. Mama mmoja wa bonde la Eyasi aliwahi kuishika, akaisoma juu mpaka chini, akaniuliza: "Mwanangu, tangu tuanze kusaini, maji yamefika wapi?" Nikampa kalamu. Akasaini.

Juzi imerudi karatasi nyingine kutoka kando ya Ziwa Eyasi, ina duara la kikombe cha chai na majina arobaini na moja. Dole gumba la mstari wa 41 limegongwa nusu juu ya lile la 40, na nimeligeuza kwenye mwanga wa dirisha kila upande bila kujua kama ni la mtu mmoja au wawili. Nimeandika wawili. Kisha nikaitoboa matundu, nikaiweka kwenye faili.