Dakika 15 za Kukaa Tu

Mkazi wa Kitengela haogopi simba aliyetoroka Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Anaogopa simu kuisha chaji. Matatu ya kwenda mjini inatingishika kwa muziki, naye kajichomekea wake masikioni. Foleni ikikwama Mlolongo, anatazama video, anatuma kibandiko kwenye kundi la WhatsApp la ploti, kisha anachungulia nani kajibu. Kukaa tu? Mungu apishe mbali! Mawazo yanaweza kumvamia.

Tusimsute peke yake. Mwaka 2014, jarida la Science lilichapisha utafiti wa Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, na wenzake. Watu waliachwa chumbani dakika 15, kila mmoja na mawazo yake na kitufe cha shoti ya umeme. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga shoti. Wanawake walikuwa 6 kati ya 24, na hilo halitamshangaza mama yeyote.

Kule Isinya, mchungaji kaegemea fimbo mchana kutwa. Tunasema hana kazi. Lakini anajua ng'ombe yupi ameanza kuchechemea, mvua inanukia upande gani, na ni jirani gani aliyesogeza ua usiku.

Wikendi, abiria wetu atalipa maelfu kwenye kambi ya kifahari Kajiado "kutuliza akili". Hata begi hajalitua, anauliza: "Nenosiri la waifai ni lipi?"