Namna ya Kununua Gitaa Kuukuu la Umeme Bila Kulipiga

Wageni wa soko hili wana tabia moja ya kitoto: wakiona gitaa la zamani, wanalichomeka kwenye amplifaya na kulipiga. Mnunuzi mstaarabu hafanyi hivyo. Sauti hupimwa kwa sikio, na sikio halina hati. Fuata hatua zifuatazo, nawe utaheshimiwa katika kila duka la magitaa makuukuu, kuanzia Nashville hadi Tokyo.

Hatua ya 1: Sahau ulichojifunza kwenye yadi ya magari

Gari la mtumba likipigwa rangi vizuri, linapata mteja haraka. Gitaa ni kinyume chake. Stratocaster ya kampuni ya Fender ya miaka ya 1950 iliyobanduka rangi hadi mbao ikaonekana pale mkono wa mpigaji ulipokuwa ukiegemea ni lulu. Hiyo hiyo ikipakwa rangi upya na fundi hodari, bei inashuka kwa karibu nusu. Kwa hiyo ukikuta gitaa la miaka 60 linameremeta, sikitika hadharani.

Tembea na taa ya ultravioleti. Vanishi ya nitroselulosi iliyotumika zamani huwa ya manjano kadiri inavyozeeka, na chini ya taa hiyo hutoa mng'ao wa kijani. Palipopakwa juzi hujitenga kama doa. Muuzaji akiuliza taa ni ya nini, mwambie unatafuta nge. Nao hung'aa vilevile.

Kama huna fedha ya kununua michubuko halisi, usihuzunike. Tangu miaka ya 1990 karakana maalumu ya Fender inauza magitaa mapya yaliyochubuliwa kwa makusudi, na mchubuko unalipiwa.

Hatua ya 2: Fungua kila kinachofunguka

Bisibisi ni muhimu kuliko vidole. Legeza skrubu nne nyuma ya Fender, shingo itatoka, na kwenye kisigino chake mara nyingi utaona tarehe ya penseli au mhuri. Namba iliyo kwenye bamba la chuma usiiabudu: bamba linashikwa na skrubu, na skrubu haimwulizi mtu nia yake. Watu wa kampuni ya Gibson nao walipiga namba nyuma ya kichwa cha gitaa, lakini katika miaka ya 1960 walizirudia, hivyo namba moja yaweza kuwa ya miaka tofauti. Muuzaji atakusaidia kuchagua mwaka ulio ghali.

Sasa ingia ndani, kwenye potenshometa, vile vikopo vilivyo chini ya vitufe vya sauti. Ukisoma 304 6320, maana yake kimetengenezwa na Stackpole, mwaka 1963, wiki ya 20. Kikianza na 137, ni cha CTS. Tarehe hiyo inathibitisha tu kwamba gitaa halikuzaliwa kabla ya kikopo chake. Fender walijaza ghala kwa shehena ya 1966 na wakaitumia kwa miaka kadhaa. Tazama na lehemu pia: ya zamani imefifia, inayong'aa ni ushahidi kwamba kuna mtu aliwahi kulitengeneza gitaa ili lifanye kazi, na hilo halisameheki.

Hatua ya 3: Iamini Januari 1965

Mwezi huo kampuni ya CBS iliinunua Fender kwa dola milioni 13. Tangu hapo waumini wanafundisha kwamba gitaa lililotoka Fullerton, California, kabla ya mauzo hayo lina roho, na lililotoka wiki iliyofuata limetengenezwa na wahasibu. Wafanyakazi walikuwa wale wale, na mashine zile zile. Ubora ulikuja kushuka kweli, ila taratibu. Soko halina nafasi ya kuandika "taratibu" kwenye kibandiko cha bei.

Kwa upande wa Gibson, sujudu mbele ya Les Paul za 1958 hadi 1960, zile ambazo wekundu wa ukingoni hufifia kuwa manjano katikati. Zilipokuwa mpya hazikuuzika vizuri, kampuni ikaliacha umbo hilo. Leo moja inauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, kwa watu wenye ladha ile ile ambayo wakati ule haikuwepo.

Hatua ya 4: Jifunze kupanga dhambi

Sheria inasema tundu jipya, shingo ya kubadilishwa au vipuri vya kuokoteza ni maangamizi ya thamani. Iseme kwa ukali. Kisha ukumbuke kwamba mpiga gitaa Eric Clapton aliunganisha sehemu za Stratocaster tatu akapata moja, akaiita Blackie, na mwaka 2004 iliuzwa mnadani kwa dola 959,500. Stratocaster nyeusi ya David Gilmour, iliyobadilishwa shingo na kutobolewa kila alipopata wazo, iliuzwa 2019 kwa dola 3,975,000. Na Les Paul ya Peter Green ilipata sauti yake maarufu ya puani kwa sababu sumaku ya pikapu moja (kile kinasa mtetemo wa nyuzi) ilikuwa imegeuzwa.

Kwa hiyo kanuni kamili ni hii: tundu ukilitoboa wewe ni uharibifu, akilitoboa Gilmour ni historia.

Hatua ya 5: Dai historia yenye karatasi

Bila karatasi, hata gitaa lenye historia ndefu halitambuliki. Bendi nyingi za dansi za Tanzania, kwa mfano, zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi. Jeshi na polisi walikuwa na zao. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mpiga solo akihamia bendi nyingine, aliondoka na vidole vyake tu. Gitaa lilibaki kumsubiri mrithi. Gitaa la namna hiyo likiibuka leo kutoka stoo, funguo, freti na nyaya zitakuwa zimebadilishwa kila zilipochoka. Halina risiti, sanduku wala picha. Kwa mtaalamu, gitaa hilo ni kuni. Hazina ni lile lililolala miaka 40 chini ya kitanda cha daktari wa meno huko Ohio, ambaye hakuwahi kujifunza wimbo hata mmoja.

Hatua ya 6: Kimbia kichwa kilichovunjika

Kichwa cha Les Paul kimeinamishwa nyuma digrii 17, na mahali shingo ilipo nyembamba ndipo mahogani imechimbwa kupisha chuma cha kuinyoosha. Gitaa likianguka, hukatika hapo. Fundi mzuri akiligundisha, linapiga kama zamani, ila bei imekatika nusu pamoja na kichwa. Wataalamu wenzako watalikwepa.

Wakishaondoka, rudi peke yako. Chungulia shingo kwa urefu uone kama imenyooka. Bonyeza kila uzi kwenye kila freti usikilize kama unakwaruza. Pima kama noti ya freti ya 12 inalingana na mlio wa uzi unapoguswa tu hapo hapo. Vitufe vikikwaruza ni vumbi, dawa yake ni bei ndogo. Likifaulu yote hayo, mlalamikie muuzaji kuhusu kichwa, rangi, lehemu na namba isiyosomeka, guna, omba apunguze tena, kisha lipa kabla hajakusikia unavyolipiga.