Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Diwani, Kuhusu Vichwa vya Nyoka

Kwako Mheshimiwa Diwani wa eneo letu, Kasubi, Kampala.

Uniwie radhi kukuandikia kwa Kiswahili. Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni, nami nikaona nisingoje watoto wanitangulie.

Kwanza pokea shukrani zetu kwa ahadi yako ya shilingi elfu kumi kwa kila kichwa cha nyoka. Vijana wa sokoni wamechangamka kweli. Wiki ya kwanza walileta nyoka. Ya pili mmoja akaleta kinyonga, na karani wako, Mungu ambariki, akalipa.

Kwa idhini yako, Ssebo, nimtaje marehemu mmoja. Alikuwa mwembamba, rangi ya kahawia, mwenye mistari miwili myeupe kila upande wa kichwa. Nyoka huyu huingia majumbani usiku kufuata panya. Sumu hana, huwabana tu mpaka wafe. Kijana alipompasua mbele yetu, akatoka panya mzima, manyoya yamelowa na mkia umejikunja ubavuni. Panya jike hubeba mimba wiki tatu hivi, na huzaa watoto sita, pengine wanane, kwa mkupuo. Kwa hiyo elfu kumi yako imenunua ukoo.

Chakula ukoo huo haukosi. Lundo la taka nyuma ya vibanda vya matooke lipo tangu kabla hujachaguliwa, nasi tumelihifadhi kwa heshima zote. Hata Amasiro, makaburi ya wafalme wa Buganda walimolala Wakabaka wanne, yaliungua Machi 2010, yakajengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikayaondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Lundo letu halijaguswa hata kwa jembe.

Sisemi nyoka wote ni wapole. Swila hutema sumu machoni, na moma hulala njiani asisogee hata akisikia hatua za mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliingiza janga hili katika magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Jina hilo la orodha, naamini, halikumlenga kiongozi yeyote. Dawa ya kuumwa na nyoka hutokana na sumu yake mwenyewe: farasi hudungwa kidogo kidogo mpaka damu yake ijenge kinga. Ni kazi ya gharama. Kampuni ya Sanofi iliacha kutengeneza Fav-Afrique, dawa iliyotegemewa sana barani kwetu, mwaka 2014, na chupa za mwisho zikaisha muda wake Juni 2016. Kichwa kilichokatwa kwa panga na kuhesabiwa na karani hakimpi farasi chochote.

Na endapo daktari amewahi kukuandikia captopril (wakubwa hawakosi presha), dawa hiyo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, ilibuniwa kutokana na sumu ya nyoka wa Brazil. Huenda jamaa hao wanakutunza kila asubuhi bila kudai hata kura.

Wazee wa Buganda husimulia kwamba kabla ya Kabaka Kintu alitawala Bemba, Bemba aliyekuwa nyoka, kule Buddo. Kobe alimwendea kwa adabu kubwa, akamwambia kwamba jamaa zake hukatwa vichwa usiku na kuamka wazima asubuhi. Bemba akafurahi, akataka naye akatwe chake. Nimeileta hadithi hii kwa sababu tu inahusu vichwa. Washauri wako sina shaka nao.

Ombi langu ni dogo. Fungu la vichwa lihamie kwenye gari la taka, lije walau mara mbili kwa wiki. Panya wakikosa cha kula, nyoka watakuwa na sababu chache za kututembelea. Akionekana swila au chatu, vijana waipigie simu Mamlaka ya Wanyamapori, nao wasimame mbali. Kituo cha afya kibandike ukutani kwamba aliyeumwa hafungwi kamba wala hachanjwi kwa wembe. Atulie, kiungo kisitikisike, awahishwe hospitali. Aliyetemewa machoni aoshwe kwa maji mengi. Karatasi na gundi nitanunua mimi, usisumbuke.

Nitafika ofisini kwako Jumatatu kufuata jibu. Ukiwa na wageni, nitangoja kwenye benchi la nje pamoja na wale waliokuja Jumatatu iliyopita.

Wako mtiifu,
Mpiga kura wa Kasubi